Ndevu za Darwin, chumvi ya Audubon: ukweli wa historia katika wasifu wa vibonzo

Chukua fremu moja tu. Charles Darwin amesimama juu ya mwamba mweusi wa volkano katika visiwa vya Galápagos. Ndevu nyeupe zimemfika kifuani, chiriku mdogo ametua kiganjani mwake, naye anautazama mdomo wa ndege huyo kwa mshangao. Kiputo cha mawazo juu ya kichwa chake kinasema: viumbe hubadilika! Fremu ya aina hii inapendeza, mtoto anaielewa bila kuelezwa, na karibu kila kilichomo ndani yake si kweli.

Merikebu ya Beagle ilifika Galápagos Septemba 15, 1835 na kuondoka Oktoba 20. Darwin alikuwa kijana wa miaka 26 asiye na ndevu hizo. Alizifuga katika miaka ya 1860, akiwa ameshavuka umri wa miaka 50. Chiriku hawakumshtua. Baadhi yao aliwadhania kuwa ndege wa jamii nyingine kabisa, na wengi aliwakausha na kuwahifadhi bila kuandika kila mmoja ametoka kisiwa gani. Aliyemzindua ni John Gould, bingwa wa ndege wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, Januari 1837, Darwin akiwa ameshamaliza safari na kurudi Uingereza. Gould aliwachunguza ndege wale waliodhaniwa kuwa mchanganyiko, akaona ni kundi moja la chiriku wenye midomo tofauti. Ikabidi Darwin awaendee nahodha FitzRoy na wenzake wengine wa merikebuni, kwa kuwa wao waliweka kumbukumbu ya visiwa walikowapata ndege wao. Hata kitabu chake maarufu cha 1859 kuhusu asili ya spishi hakiwataji chiriku hao kwa jina.

Kinachochekesha ni kwamba ndege kutua kiganjani, jambo linaloonekana kama chumvi ya mchoraji, ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Darwin mwenyewe aliandika kuwa ndege wa visiwa vile hawakuwa na woga wa binadamu, kiasi kwamba mtu angeweza kuwaua kwa kofia.

Kwa hiyo fremu moja ina makosa ya uzito tofauti. Ndevu ni kosa la sura, linasahihishwa kwa penseli na kifutio. Kiputo ni kosa la aina nyingine, kwa sababu kinamfundisha msomaji kwamba elimu humshukia mtu kama radi, akiwa peke yake, tena mahali panapopendeza kuchorwa. Kwa maoni yangu, mjadala wa usahihi katika wasifu wa vibonzo unapaswa kuanzia hapo. Vifungo vya koti vitafuata.

Picha haijui kunyamaza

Mwandishi wa wasifu wa kawaida ana uhuru ambao mchoraji hana: anaweza kukaa kimya. Akiandika kwamba Darwin alikwenda kumwona Gould, imetosha, na hakuna atakayemuuliza chumba kilikuwa na madirisha mangapi. Mchoraji akipewa sentensi hiyohiyo lazima aamue: koti la rangi gani, nani amesimama na nani ameketi, mwanga unatokea wapi, uso wa Darwin una haya au una furaha. Kila uamuzi unageuka dai la kihistoria, hata pale ambapo hakuna ushahidi wa upande wowote.

Ushahidi wa kuonekana kwa macho nao haukugawanyika sawasawa. Beagle ilikuwa na msanii, Conrad Martens, na michoro yake ni hazina kwa anayetaka kuijua Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika, ya wakati ule. Lakini Martens aliiacha merikebu mwaka 1834, hivyo Galápagos hakuiona. Sehemu ya safari ambayo kila mtu anatamani kuichora ndiyo iliyokosa mchoraji. Darwin mwenyewe alijutia kutojua kuchora. Hali ilikuwa kama hiyo huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Julai 1960, na Novemba mwaka huohuo alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka ubua wa nyasi kwenye kichuguu ili kuvua mchwa. Mpigapicha Hugo van Lawick hakufika hadi 1962. Picha yoyote ya tukio lile la kwanza imetokana na maneno ya Goodall na fikra za mchoraji.

Mfano mgumu kuliko yote ni Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wa milimani, aliyeuawa ndani ya kibanda chake huko Karisoke, Rwanda, usiku wa Desemba 26, 1985. Nani alimuua bado ni suala la mabishano. Mwandishi anaweza kuandika kwamba aliuawa, akaishia hapo. Mchoraji anayejificha nyuma ya kivuli kisicho na uso anadhani amekwepa, kumbe ameshasema kwamba muuaji alikuwa mmoja, kwamba alikuwa na kimo fulani, na kwamba alisimama upande fulani wa kitanda. Mimi ningeiacha fremu hiyo kabisa, nikaonyesha asubuhi iliyofuata na watu waliomkuta, kwa kuwa ya asubuhi yana mashahidi.

Kuhusu viatu, taa na vyombo vya merikebuni sina mengi. Makumbusho yapo na michoro ya enzi zile ipo; mchoraji makini ataviona, na asiye makini atakamatwa na wasomaji wanaopenda kukamata.

Viputo na mkutano wa Oxford

Maneno yaliyotiwa mdomoni ndiyo tatizo kongwe zaidi. Juni 30, 1860, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, Askofu Samuel Wilberforce na Thomas Henry Huxley, mwanasayansi aliyemtetea Darwin, walipambana juu ya hoja za Darwin. Mkasa wenyewe unajulikana: askofu anamuuliza Huxley kama nyani yuko katika ukoo wake kwa upande wa babu au wa bibi, naye Huxley anajibu kwamba afadhali babu nyani kuliko mtu mwenye vipaji anayevitumia kufanyia mzaha jambo zito. Ni mchoraji gani ataiacha nafasi hiyo?

Lakini hakuna aliyenakili mjadala ule neno kwa neno. Huxley aliandika toleo lake katika barua baadaye mwaka huohuo. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyekuwepo na kusimama kuzungumza, alimwandikia Darwin siku mbili baada ya mkutano kwamba sauti ya Huxley haikuwafikia watu wote, na kwamba yeye Hooker ndiye aliyemshinda askofu. Darwin mwenyewe hakuwepo, alikuwa akitibiwa. Masimulizi yanayonukuliwa sana, yale yenye maneno makali na kicheko ukumbini, yalichapishwa mwaka 1898, miaka 38 baadaye, kutokana na kumbukumbu za mtu aliyehudhuria. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema vibonzo haviwezi kubeba historia nzito. Nathari ikitaka kuonyesha mashahidi watatu wanaopingana, inabidi ipange aya tatu na kumchosha msomaji. Ukurasa wa vibonzo unaweza kuuweka ukumbi uleule mara tatu, kila mara kwa rangi ya mtu anayesimulia: Huxley jasiri katika barua ya Huxley, Huxley asiyesikika katika barua ya Hooker, na Huxley aliyekwisha kuwa shujaa katika masimulizi ya 1898. Msomaji anatambua kwa kutupa jicho mara moja kwamba hana tukio lenyewe mkononi, ana kumbukumbu za watu. Tatizo huanza pale mchoraji anapochagua toleo moja, kwa kawaida lile lenye kelele zaidi, na kulichora kwa rangi zilezile alizochorea mambo yaliyothibitishwa.

Msimulizi anapokuwa yeye ndiye tatizo

Ningependa kukaa zaidi kwa John James Audubon, maana kwake matatizo yote yanakutana. Alizaliwa mwaka 1785 huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na kati ya 1827 na 1838 alichapisha picha za ndege wa Marekani wenye ukubwa wao halisi, kazi ambayo hadi leo haijapata mshindani. Maisha yake yanaita vibonzo: misitu, mito, kufilisika, makundi ya njiwa yaliyofunika jua. Tena ameacha maandishi mengi yenye matukio na mazungumzo tayari kuingizwa kwenye fremu. Mchoraji gani hatashukuru?

Ila Audubon alikuwa mtu wa chumvi. Aliwaacha watu waamini kwamba alizaliwa Louisiana. Alidai kwamba alifundishwa uchoraji na Jacques-Louis David, msanii mkubwa wa Ufaransa, na hakuna ushahidi uliopatikana wa kuunga mkono dai hilo. Alitangaza tai mkubwa aliyemwita ndege wa Washington, spishi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuipata tena. Wapo wanaosema alimwona tai kichwa-cheupe ambaye hajakomaa, na wapo wanaosema wazi kwamba ni ulaghai.

Halafu kuna kisa cha Constantine Rafinesque, mtaalamu wa viumbe aliyemtembelea Audubon huko Kentucky mwaka 1818. Kwa masimulizi ya Audubon, usiku popo waliingia chumbani mwa mgeni, naye Rafinesque, akiwa uchi, akakamata fidla ya thamani ya mwenyeji wake na kuwapiga nayo popo hadi fidla ikavunjikavunjika. Ukitafuta ukurasa wa vibonzo uliokamilika kabla hata penseli haijashikwa, ndio huu. Lakini chanzo chake ni kalamu ya Audubon mwenyewe, aliyekuwa na sababu ya kumfanya Rafinesque aonekane kichaa: ni Audubon aliyemdanganya mgeni huyo kwa kumweleza na kumchorea samaki wa kubuni, mmoja akiwa na magamba yasiyopenya risasi. Rafinesque aliamini, akawachapisha samaki hao mwaka 1820 katika kitabu chake cha samaki wa mto Ohio, na wataalamu waliokuja baadaye wakahangaika nao.

Sasa mchoraji afanyeje? Akiufuta usiku wa popo anapoteza kisa ambacho Audubon alikichapisha kweli. Akiuchora kama tukio la kawaida, anakuwa msemaji wa Audubon na kumdhalilisha Rafinesque kwa mara ya pili. Njia inayonivutia ni kumchora Audubon akisimulia, mbele ya wasikilizaji, huku tukio likitokea ndani ya simulizi lake kwa mtindo wake mwenyewe wa uchoraji, ule wa miili iliyopindwa na kuwekwa katika mapozi. Pozi hizo nazo zina siri: Audubon aliwaua ndege wake, kisha akawasimamisha kwa nyaya kwenye ubao ili waonekane wako hai. Wasifu unaomwonyesha akichora kimyakimya mbele ya ndege anayeimba tawini unapendeza macho na kuficha kazi ilivyofanyika.

Hata hivyo, kumshuku kila msimulizi nako kuna hatari zake. Alexander von Humboldt, mchunguzi wa maumbile kutoka Ujerumani, alisimulia kwamba mwaka 1800, karibu na Calabozo huko Venezuela, wenyeji waliwaswaga farasi na nyumbu wapatao 30 kwenye dimbwi lenye mikunga ya umeme, na mikunga ikatoka matopeni na kuwashambulia wanyama hao kwa kujibana kwenye matumbo yao. Kwa muda mrefu wataalamu walilikunjia uso simulizi hilo. Mwaka 2016 mwanabiolojia Kenneth Catania alichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba mkunga wa umeme huruka kutoka majini na kumshambulia anayemwona kuwa tishio. Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu aliyekwenda Suriname mwaka 1699, alichora buibui mkubwa akimla ndege mvumaji. Katika karne ya 19 alikejeliwa kwa picha hiyo, hadi mchunguzi wa viumbe Henry Walter Bates aliposimulia mwaka 1863 kwamba huko Amazon alimwona buibui wa aina hiyo akiwa na ndege aliyewanasa. Mchoraji aliyeziondoa fremu hizo mbili kwa kuogopa kuitwa mwongo angekuwa ameondoa mambo ya kweli.

Miaka inapobanwa katika ukurasa mmoja

Vibonzo haviwezi kuonyesha kila siku ya maisha ya mtu, hilo halina ubishi. Wachunguzi wa viumbe wenyewe walibana wakati na mahali katika michoro yao. Katika kitabu cha Merian cha 1705, yai, kiwavi, bundo na kipepeo vipo pamoja kwenye mmea mmoja, ingawa kwa maumbile haviwezi kuwapo vyote kwa pamoja kwa mdudu yuleyule. Humboldt alichapisha mwaka 1807 mchoro wa mlima Chimborazo uliokatwa ubavuni, ukiwa umejazwa majina ya mimea aliyoiona sehemu mbalimbali za Andes. Hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa michoro hiyo inajitambulisha kuwa ni muhtasari.

Kubana kwenyewe si dhambi. Fremu ya Darwin na chiriku inakosea kwa sababu inabana miaka na kujifanya dakika. Kati ya Gould mwaka 1837 na kitabu cha 1859 kuna daftari alilolifungua Julai 1837, kuna usomaji wa Malthus, aliyeandika kuhusu ongezeko la watu, mwaka 1838, kuna barua ya Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo lilelile, kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki mwaka 1858. Kuna pia miaka minane, kuanzia 1846, ya kupasua na kuchunguza vile viumbe vidogo vya magamba vinavyoganda kwenye miamba na chini ya vyombo vya bahari. Nani atachora miaka minane ya mtu aliyeinamia hadubini? Anayejua kutumia kurasa anaweza: fremu ileile, dawati lilelile, watoto wa nyumbani wakirefuka nyuma yake. Uchovu huo ni sehemu ya ukweli wa kazi, na vibonzo vina uwezo wa kuuonyesha kuliko sentensi inayosema "miaka minane ilipita".

Waliobaki nje ya fremu

Kila fremu ina mipaka, na mchoraji ndiye anayeamua mipaka hiyo inamkata nani. Goodall akichorwa peke yake kilimani, ni kweli kwamba mara nyingi alikuwa peke yake. Lakini utawala wa Waingereza huko Tanganyika haukukubali akae porini bila mwenzake, hivyo alikuja na mama yake, Vanne, pamoja na mpishi, Dominic. Na katika siku zile za mwanzo aliongozana na wenyeji kama Rashidi Kikwale na Adolf Siwezi. Humboldt alipopanda Chimborazo Juni 23, 1802, alikuwa na Aimé Bonpland, Carlos Montúfar na watu wa pale waliowaonyesha njia, na hawakufika kileleni. Waliishia karibu mita 5,900 kwa kipimo chake. Darwin alifundishwa kukausha ndege na John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa huko Guyana, aliyekuwa akiishi Edinburgh. Mimea mingi inayopendwa katika picha za Audubon ilichorwa na Joseph Mason, kijana aliyeanza kusafiri naye akiwa na miaka 13 hivi, na jina lake halikuwekwa kwenye picha. Audubon pia alimiliki na kuuza watumwa. Merian aliandika waziwazi kwamba watumwa wanawake wa Suriname ndio waliomweleza matumizi ya ua fulani kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani.

Naliona kosa la kuwaondoa watu hawa kuwa kubwa kuliko la ndevu, na pia gumu zaidi kulishika, kwa sababu kila fremu ikitazamwa peke yake inaweza kuwa sahihi. Uongo unatokana na jumla yao.

Wanyama nao wana historia. Mwaka 1811 Joseph Anning aliona fuvu la mtambaazi wa baharini huko Lyme Regis, pwani ya Uingereza, na dada yake Mary, mtafutaji wa visukuku, akaupata mwili wake mwaka uliofuata. Vitabu vya watoto hupenda kumpa Mary vyote viwili. Mchoraji akitaka kuonyesha Mary alivyomwazia mnyama huyo akiwa hai, asimwekee pezi la mgongoni, kwa kuwa pezi hilo lilijulikana katika miaka ya 1890 kutokana na visukuku vya Ujerumani. Akitaka kuonyesha mnyama alivyokuwa kweli, aliweke. Rafiki wa Mary, Henry De la Beche, alichora mwaka 1830 picha ya bahari ya kale yenye wanyama hao wakilana, na nakala zake ziliuzwa ili kumsaidia Mary kwa fedha. Ukitaka kujua watu wa enzi ile waliona nini vichwani mwao, picha hiyo ni ushahidi bora kuliko kitabu chochote cha leo cha paleontolojia.

Nikipata wasifu wa vibonzo huanza kusoma kurasa za nyuma. Maelezo mazuri hukiri mambo kwa majina yake: mazungumzo haya yametoka kwenye barua, mhusika huyu ni watu wawili waliounganishwa, tukio hili limesogezwa mwaka mmoja mbele. Udhaifu wake ni kwamba fremu hukatwa na kusambazwa peke yake, na maelezo ya nyuma hayaendi nayo. Ndiyo maana navutiwa na kitabu cha Andrea Wulf na Lillian Melcher kuhusu Humboldt, kilichotoka mwaka 2019, ambamo kurasa za maandishi na michoro ya Humboldt zimeingizwa ndani ya ukurasa wa vibonzo wenyewe. Ukurasa hujaa, na pengine jicho halijui lianzie wapi, lakini anayeukata anaondoka na sehemu ya ushahidi. Humboldt aliacha karatasi nyingi mno, kwa hiyo njia hiyo inamfaa. Mary Anning hakuacha hazina kama hiyo, na anayemchora hana budi kuandika "yasemekana" ndani ya fremu yenyewe, kwa herufi zinazosomeka.